Kokoto kwa Gramu

Tulimwita Kokoto kabla ya mawe,
kwa rangi tu: kijivu chenye madoa,
kama shehena mbichi ya Mlolongo
imemwagwa mlangoni mwa mjengo.
Jina huumba, wasemavyo. Sikuamini.
Mimi mwashi. Mawe nayajua kwa nje.

La kwanza lilikuwa la Aprili.
Syombua alirudi shuleni akamkuta
amejikunyata pembeni mwa sanduku,
akikojoa kwa mlio mwembamba
kama msumari unaong'olewa kwenye bati,
na kwenye gazeti chini yake, doa la waridi
ambalo mchapaji hakulichapa.

Daktari Nasieku wa Kabete
aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha:
mbavu kama njiti za kiberiti,
na ndani ya kibofu, jeupe, limetulia,
njugu mawe.
Akataja bei. Nikatazama viatu vyangu.

Jirani yangu Odembo, afugaye kwa hesabu,
alicheka mpaka akashika ukuta:
"Simbilisi! Kwa pesa hizo ungekuwa na mbuzi,
na mbuzi akishindikana, angalau kuna supu."
Sikumjibu. Ukuta ule niliujenga mimi.
Najua pale saruji ilipopungua.

Likatolewa. Nyuzi nne.
Agosti likaja jingine, punje ya ndengu.
Hapo ndipo daktari aliponiketisha
akaniambia neno tusilolipenda mafundi:
kazi hii haina siku ya kukabidhi funguo.
Wapo wanyama ambao mwili wao ni machimbo.

Basi tukajifunza kukaa na machimbo.
Lusani, marufuku. Spinachi, marufuku.
Sukuma wiki, jani moja la sikukuu.
Nyasi kavu, rundo la kumzidi kimo,
kipande cha hoho, saladi inayochuruzika
ili hata akila awe anakunywa.
Na maji kwa sirinji isiyo na sindano,
tone kwa tone, jeuri anageuza shingo,
Kavata akimbembeleza kwa Kikamba kitamu
ambacho mimi sijakisikia tangu mahari.

Na maji yenyewe! Kisima cha ploti yetu
huacha ukoko mweupe ndani ya birika,
mgumu, wa kuukwangua kwa patasi.
"Sina hakika kwamba ni maji," daktari akasema,
"lakini ningekuwa wewe ningebadilisha."
Sasa Kokoto hunywa ya mtungi, ya dukani,
nasi tunakunywa ya birika.
Usiku nikienda msalani, najisikiliza.

Saa kumi alfajiri, kabla ya kwenda saiti,
nawasha tochi ya simu,
natandika kitambaa cheupe, nasubiri.
Mwanamume wa miaka hamsini na mitatu
amepiga magoti akingojea mkojo
wa kiumbe kisichofika uzito wa nusu tofali.

Juni hii kitambaa kilipata wekundu.
Chembe tu, alisema Nasieku, kama mchanga
uliopita kwenye chekecheo. Tungoje.
Tukangoja. Syombua hakugusa chapati.
Siku ya nne Kokoto akaipitisha mwenyewe,
nikaiokota kwa ncha ya kidole kilicholowa.
Nimepandisha ghorofa saba kule Ruaka;
sijawahi kushika jiwe kwa hofu namna ile.

Ijumaa mhandisi alichukua daftari langu
akalisoma kwa sauti mbele ya vibarua:
Saruji, mifuko arobaini.
Mchanga, lori moja.
Kokoto, gramu mia tisa na kumi na mbili.
"Fundi! Tangu lini kokoto ikapimwa kwa gramu?"
Wakacheka, nami nikacheka,
nikaipangusa mikono, nikalipokea daftari.
"Jana," nikamwambia, "ilikuwa mia tisa na nane."